Kiti cha Mama Uani

18 Julai

Kasuku,

Mama alitutoka tarehe tatu Machi. Naanza na hilo kabla hata ya kukujulia hali, kwa sababu leo asubuhi mgeni wangu mmoja ameniambia alikunywa naye chai Jumamosi iliyopita.

Sasa salamu. Hujambo? Kifua kimepoa? Mama Mdogo anaendeleaje, anakula? Mimi ni mzima, mgongo tu unanikumbusha kwamba boti hazijisukumi zenyewe.

Ilikuwa hivi. Tumetoka kuwaonyesha wageni matumbawe, bahari imetulia kama sahani, watu wanajifuta maji. Bwana mmoja wa makamo akafungua mkoba kutafuta miwani, kikaanguka kipande cha wavu, ukubwa wa kiganja. Nikamuuliza, hiki umekitoa wapi?

"Kule kwenye mnara wa taa," akasema. "Kuna mama anashona nyavu uani kwake. Mcheshi kweli! Amenishonea hiki huku ananisimulia alivyoolewa."

Nikamwambia huyo mama amefariki. Akacheka.

"Basi amefariki na bado anazidisha sukari."

Nilikishika kile kipande. Mafundo ya mama yalilalia kulia maisha yake yote. Haya yamelalia kushoto.

Wazo la kuleta wageni kwenye ua ule lilikuwa langu. Unajua, hata kama unapowatembeza watalii wako hulisemi. Nilipoleta wageni wa kwanza, watu wanne, mama aliwatimua na ufagio, akaniambia mbele yao kwamba nyumba yake si banda la maonyesho na mimi sina haya. Wiki ile ile niliondoka na mabegi mawili. Mwaka haukuisha, nasikia anawapokea wageni wako wewe, kwa kiti kabisa na chai. Nikameza. Miaka tisa nimemeza. Hili la sasa halimezeki.

Nani amekaa kwenye kiti cha mama?

Usinipigie. Kwenye simu unanizungusha mpaka nasahau nilichouliza. Andika, bahasha mpe dereva wa basi la asubuhi.

Dada yako


27 Julai

Dada Hesabu,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepata nafuu. Acha kusukuma boti, vijana umewaajiri wa nini? Kifua changu kimepoa. Mama Mdogo anakula, tena anaomba aongezewe, na hilo ndilo jibu lako.

Ni yeye.

Usiitupe barua kwanza. Unakumbuka ulivyomwacha baada ya mazishi: amekaa ukingoni mwa kitanda, anatazama ukuta, anamwita dada yake, halafu anatuuliza sisi ni nani. Nilifunga ua. Niliwaarifu mawakala wote kwamba matembezi yangu sasa yanaishia soko la samaki. Mmoja hakusoma. Katikati ya Aprili nikasikia mlango unagongwa, nami niko bafuni na povu kichwani. Kufika uani, wageni sita na kofia zao za jua wameshakaa kwenye mabenchi, na Mama Mdogo yuko kwenye kiti. Wanamwita Mama. Anaitika. Ameshika sindano ya nyavu ambayo hakuigusa tangu yeye na mama wakiwa wasichana wakimshonea babu.

"Karibuni," anawaambia. "Mmechelewa kweli leo."

Nilitaka kusema. Nilifungua mdomo, mimi ambaye mnasema huwa sifungi. Nikaufumba, nikaenda kuweka maji ya chai.

Anasimulia kila kitu kana kwamba ndiye mama: harusi, baba alivyotapika siku yake ya kwanza baharini, mimi nilivyozaliwa na nywele nyingi mpaka mkunga akashtuka. Hababaiki. Tangu alipohamia kwetu, walikuwa wakishinda wawili tu wakipiga soga, mimi niko kazini. Nadhani mama alimwachia yote kichwani. Wageni wakishaondoka ananiuliza, "Dada yangu hajarudi tu?" Kila siku nabuni jibu.

Sikumkalisha mimi, Dada. Wageni ndio waliomkalisha. Ila sikumwinua.

Mdogo wako


30 Julai

Kasuku,

Marahaba. Nafurahi kifua kimepoa. Mimi ni mzima wa mwili.

Mwinue.

Watu wanakuja kumwona mama yetu na wewe unawaonyesha mgonjwa. Eti anakula vizuri! Hata mimi ningekula vizuri kama kila asubuhi ningeamka nikiwa mtu mwingine. Na mama je? Picha yake bado iko kwenye vipeperushi, anacheka. Nje ya mtaa wetu hakuna anayejua amekufa. Hujampa hata nafasi ya kuwa marehemu.

Unasema kampuni ya matembezi inataka kuuingiza ua kwenye ratiba ya msimu mpya. (Hukusema. Nimesikia kwa mwenye hoteli ya hapa jirani, na ndivyo ninavyosikia habari zako zote.) Hati ya nyumba ina majina mawili, langu na lako, kwa hiyo sahihi ni mbili, na yangu huipati. Shusha kibao cha mlangoni. Kiti kiingize ndani. Funga mlango.

Msalimie Mama Mdogo kwa jina lake. Lake yeye.

Dada yako


22 Agosti

Dada,

Shikamoo. U hali gani? Sisi hapa si wazima sana.

Nilifanya ulivyosema. Kibao nilikishusha, kiti nikakiweka chumbani kwangu na kukifunika shuka. Kesho yake Mama Mdogo alioga mapema, akavaa, akaenda kukaa sakafuni pale pale kiti kilipokuwa. Akangoja mpaka jua likamfikia miguuni. Nikamwambia leo hakuna wageni.

"Nani kawafukuza?" akauliza.

Baadaye akaacha kuuliza, kisha akaacha kula. Nikawa namlisha kwa kijiko na anafumba mdomo kama mtoto. Juzi nimerudi nyumbani, hayupo. Nimemkuta chini ya mnara wa taa, sindano mkononi, amemng'ang'ania mgeni mmoja mkono, anamwambia, nyumba ni ile pale, twende, chai iko tayari. Yule mgeni akadhani anaomba. Akamtolea pesa. Mama Mdogo akaziangalia, akazigeuza, akanigeukia mimi: "Kwani huyu namdai nini?"

Hapo ndipo nilipolia, mbele ya watu ambao kesho yake nilikuwa niwatembeze.

Nimerudisha kiti. Najua ulichosema. Lakini kusema ni rahisi ukiwa mbali, mimi ndiye ninayeshika kijiko. Njoo uone kwa macho yako, au nitumie hiyo sahihi, au niambie nimfanye nini huyu mzee. Kampuni inafunga ratiba Ijumaa, tarehe tisa Septemba.

Mdogo wako


4 Septemba

Kasuku,

Sijambo. Nakuuliza hali yako ingawa nimeiona: umekonda, na lile shati lako jeupe la kazi limekuwa la njano. Nunua jingine.

Ndiyo, nimekuona. Jana nilikuja. Nilikata tiketi pale kibandani kama mtu yeyote, nikavaa kofia pana na miwani ya jua, nikaingia kundi la pili, la yule mwenzako mwenye kigugumizi. Pale sokoni ulinipita karibu kabisa, unawaeleza watu wako mnada wa samaki, unatia chumvi kama kawaida. Hukunitambua. Sikulaumu, mimi mwenyewe nilikuwa nimejificha vizuri.

Nilikuja kusimama na kusema. Sentensi nilikuwa nayo tangu kwenye basi: huyu siye mnayemdhania, yule tumeshamzika. Tulipofika uani nikakaa benchi la nyuma nikingoja sehemu nzuri ya kumkatiza.

Mama Mdogo alikuwa amechana nywele. Sindano mkono wa kushoto, inaingia na kutoka bila yeye kuiangalia. Dada mmoja wa mbele akamuuliza ana watoto wangapi.

"Wawili," akasema. "Wa pili ndiye anayeleta wageni hapa, mdomo wake hauna mlango." Wakacheka. "Wa kwanza ni binti. Huyo ndiye aliyeleta wageni wa kwanza kabisa hapa uani. Nikawafukuza na ufagio."

Wakacheka tena. Mimi sikucheka.

"Msicheke, niliona aibu. Watu wanne wamekuja kwangu, na ndani sina vikombe vinne vinavyofanana! Kimoja hakina mkono, kingine cha bati. Nikashika ufagio. Na yeye akaondoka. Alipoondoka ndipo nikanunua vikombe. Asubuhi nikifungua mlango, huwa naangalia kwanza kama ni yeye."

Kisha akanielekeza kidole. "Wewe wa kofia, mbona hunywi?"

Nikanywa. Sukari imezidi, yule bwana hakusema uongo. Nikavihesabu vikombe, unanijua. Kumi na viwili, vyote vina mstari wa buluu ukingoni. Wakati wa kutoka akanitia kipande cha wavu mkononi, akanikunjia vidole juu yake kama unavyompa mtoto kitu asikidondoshe. Ile sentensi yangu niliirudisha nyumbani nzima.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi ya kampuni. Nimeisaini. Mama Mdogo abaki kwenye kiti. Ila picha ya mama itoke kwenye vipeperushi, na kibao kiandikwe upya: Ua wa Dada Wawili. Na kabla wageni hawajaingia, pale mlangoni, wewe na mwenzako muwaambie kwamba mmoja tumemzika na aliyebaki anasema kwa niaba ya wote wawili. Hayo si maombi. Na sahihi usidhani naitumia kununua jibu, ndiyo maana nimeitanguliza.

Sasa jibu.

Mama hakuniambia neno hata moja la yale. Hakuniambia kwenye simu, wala nilipokwenda kumwona hospitali. Pale hospitali aliniuliza habari za boti, injini zinakula mafuta kiasi gani, nikamjibu, yakaishia hapo. Yaliyosemwa jana yamesemwa na mtu ambaye hajui mimi ni nani. Inawezekana mama alimwambia. Inawezekana pia Mama Mdogo ana roho nzuri, akaona hadithi ina tundu, akaliziba, kama anavyoziba wavu. Wewe uliishi nao. Vikombe vile nani alivinunua, na lini? Uliwahi kumsikia mama, kwa mdomo wake, akinitaja pale mlangoni?

Usiniambie ninachopenda kusikia. Hiyo ni kazi yako kwa wageni, na unaiweza. Mimi si mgeni wa nyumba ile. Kama hukuwahi kumsikia, andika hukumsikia. Nitakaa nalo, nimekaa na mengine.

Basi linafika hapa Alhamisi saa tisa alasiri. Nitakuwa nimesimama kituoni. Sitaki salamu, sitaki habari za kifua, neno moja linatosha karatasi nzima.

Mama alisema, au hakusema?

Dada yako