Ng'ombe wa Halima Hakuchinjwa

Halima mama,

Salaam zikufikie huko uliko kwa Mola. Ni mjomba wako, yule wa maneno mengi. Leo yananikwama.

Siku ya sadaka yako wazee walikaa hapa kwetu Leparua, wakasema achinjwe ng'ombe wako mwekundu. Ukame umemkausha, walisema, hana ndama, hana maziwa. Mama yako aliinamisha kichwa tu. Katika vitu vyako vyote, ng'ombe huyo ndiye aliyebaki akipumua.

Nikasimama. Unanijua, mwanamume aliyevuka mto Ewaso Nyiro umefurika, ngamia amembeba mgongoni. Wewe uliuliza kama huyo ngamia alilipa nauli.

Nikawaambia ng'ombe ana mimba changa. Wakauliza nimejuaje na tumbo liko bapa. Nikasema nilimwona na fahali wiki chache kabla, kisha nikawapa yale uliyonifundisha tukinywesha kisimani, ulipotoka chuo cha mifugo. Kwamba ndama nusu yake ni ya fahali, kwa hiyo ni mgeni ndani ya mama yake, na damu ya mama ina askari wa kufukuza wageni. Basi huyo mdogo, hata hajashika ukuta wa tumbo la uzazi, hutuma salamu. "Kama mtu wa heshima, Mjomba," ulisema, "anasimama nje ya boma, anaita kabla hajaingia." Zikisikika, askari wanatulia, wengine wanageuka walezi. Zisiposikika, mimba inapotea na mwenye ng'ombe hajui kama ilikuwepo. Ukanikataza kumswaga ng'ombe mbali wiki hizo za mwanzo.

Wazee walicheka. Mmoja akasema, "Huyu sasa anasikia mpaka salamu za tumboni."

Halima, nimeongopa nikaaminiwa na nusu ya Isiolo. Siku nimebeba ukweli, hakuna aliyenipokea. Nikaenda nikaleta dume langu la pembe pana, nikalielekeza kibla mwenyewe, likachinjwa badala yake. Wakala. Mimi sikula. Niliwaza, kama ile mimba haipo, nimekunyima sadaka ya mali yako kwa mdomo wangu.

Miezi ikapita hivyo. Jana akaja daktari wa mifugo, akavaa glavu ndefu, akaingiza mkono. Alipapasa mpaka nikataka kumshika shati. Kisha akamgeukia mama yako, si mimi, akamwambia, "Yumo, na anakua."

Mama yako alikumbatia shingo ya ng'ombe akalia. Tangu tukuzike alikuwa hajalia. Sikumzuia.

Wenzangu wameswaga mifugo kuelekea Garbatulla kutafuta malisho. Mimi nimebaki na huyu, namkatia majani kwa mkono. Watu wanasema nimezeeka. Waseme.

Mungu akupanulie kaburi, binti ya dada yangu. Ng'ombe wako atazaa hapa, na maziwa atayanywa mama yako. Nikiwa hai hauzwi, hachinjwi.

Mjomba wako.