Njoo na Kiti Chako

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti lako limepunguza ukorofi. Shemeji naye hajambo? Mwambie suruali zake nimezimaliza, ila kiuno nimekiongeza bila kuuliza, maana picha uliyonitumia nimeiona. Sisi huku tunasukuma siku. Mtoto anarefuka kwa fujo, sketi ya shule nimeshaishusha pindo na sasa hakuna pindo la kushusha tena. Cherehani yangu inalia upande wa kanyagio, naitilia mafuta, inanyamaza kidogo, inaanza tena.

Najua utashangaa kwa nini nakuandikia wakati simu ipo. Dada, kwenye simu unaniwahi. Mimi nikisema neno moja wewe umeshamaliza hotuba na umekata. Pia kuna kitu ndani ya bahasha hii ambacho hakipiti kwenye simu. Kimeshonewa ndani ya kitambaa cha buluu. Kiweke pembeni kwanza, tafadhali, usome mpaka mwisho.

Uliniomba jibu kuhusu mtoto, kwamba shule zikifungwa aje kwako na abaki huko. Ulisema mtoto anayebeba kiti cha marehemu mama yake kwenda nacho mikutanoni ana jambo linalomla ndani, na mimi peke yangu, na futi yangu shingoni, sitaliweza. Nilikubali nusu. Karibu nikubali yote. Sasa nataka nikueleze vizuri jambo lenyewe, kwa sababu kwenye simu nilikueleza vibaya.

Wewe ulimjua wifi yako. Ile sauti yake ya kuuzia nyanya ilikuwa inavuka barabara bila kuangalia kushoto wala kulia. Kamati ya wazazi ilipotaka kukusanya michango ya paa la darasa la tatu, barua walizowapa watoto zote ziliishia chini ya mabegi pamoja na maganda ya machungwa. Yeye ndiye aliyesema acheni karatasi, mtafuteni yule mwenye pikipiki anayetangaza dawa ya panya. Wakamwambia basi tangaza wewe. Ndipo wakambatiza Mama Spika, na jina likamkaa.

Alirekodi kibandani kwa yule mtu wa pikipiki, mtoto akiwa amekaa miguuni pake. Maneno yenyewe yalikuwa machache: Wazazi wenzangu, Jumamosi hii, saa tatu asubuhi, tukutane shuleni kwa ajili ya watoto wetu. Shule haina viti vya kutosha, njoo na kiti chako. Usitume mtu. Njoo mwenyewe. Alikataa kabisa kutaja tarehe. Alisema tarehe ikitajwa, kila mkutano itabidi walipie kurekodi upya, bora iseme Jumamosi hii, na Jumamosi yoyote itakuwa hii. Kamati ikamsifu kwa ubahili wake. Mwishoni, akidhani chombo kimezimwa, anasikika akicheka na kumuuliza yule mtu: Imetosha? Hakuna aliyehangaika kukata kipande hicho, kwa hiyo kila Ijumaa ya kabla ya mkutano pikipiki ilipita mitaani ikiita wazazi, na mwisho wa kila tangazo ikacheka na kuuliza kama imetosha.

Kisha ile homa ikaja, na mengine unayajua, wewe ndiye uliyenishika mkono makaburini. Shule zikafunguliwa. Kamati ikapanga siku ya mchango kama kawaida na kumpigia simu mtu wa pikipiki kama kawaida, naye akabonyeza alichozoea kubonyeza. Hakuna aliyekusudia ubaya, dada. Hakuna hata aliyefikiria. Mimi nilikuwa naweka zipu kwenye gauni la mteja, na mke wangu akapita nje akiniambia niende na kiti changu.

Mteja alipiga yowe. Mimi sikumbuki nilivyofika barabarani. Nakumbuka tu pikipiki ikikata kona kwenye kinu cha kusaga, na sauti ikipungua, na mimi nimesimama katikati ya njia na sindano mdomoni.

Kesho yake tulikwenda mkutanoni, mimi na mtoto, na tulikwenda na viti viwili: changu, na kile cha kukunja cha kijani alichokuwa anakalia sokoni. Kwenye simu nilikwambia mtoto ndiye aliyekibeba. Ni kweli alikibeba. Alikiweka kando yangu, yeye akakaa chini kwenye mkeka na wenzake. Watu walikiona na kuangalia pembeni. Michango ilifurika siku hiyo kuliko siku zote, na mabati ya upande mmoja wa paa yakanunuliwa.

Mwenyekiti wa kamati alikuja nyumbani jioni yake, kofia mkononi, akaomba radhi mpaka nikamwonea huruma. Akasema tangazo litarekodiwa upya. Nilimwambia asijisumbue. Nilimwambia marehemu mwenyewe angefurahi kuona paa linaisha, na tusiharibu kazi ya watoto kwa machozi ya mtu mmoja. Alinishika mkono kwa nguvu, akawaeleza wenzake kwamba nina moyo wa chuma. Tangu hapo kabla ya kila siku ya mchango pikipiki ilipita, na kila mara viti vilikuwa viwili. Wewe ukasikia habari hizo, ukasema mtoto anaumia. Mimi nikasema kweli, mtoto anaumia.

Mkutano wa mwisho ulijaa kupita kiasi. Kulikuwa na mama mmoja mgeni, mjamzito wa kujifungua wakati wowote, amekuja mikono mitupu kwa kuwa hakujua habari ya viti. Alikuwa ameegemea nguzo na jasho linamtoka. Mwenyekiti akaona kiti cha kijani kimekaa bure, akasogea, akakinyooshea mkono. Nikamwangalia mtoto nikijua ataangua kilio. Kabla hajafungua mdomo nikasikia mtu anasema kwa sauti kubwa, kali, kwamba kiti hicho kina mwenyewe na mwenyewe yuko njiani.

Dada, mtu huyo alikuwa mimi.

Mwenyekiti alirudisha mkono kama aliyegusa pasi ya moto. Mwanangu ndiye aliyeinuka. Alikikunja kile kiti, akakipeleka kwenye nguzo, akakifungua, akakipiga vumbi kwa kiganja kama mama yake alivyokuwa akifanya, akamwambia yule mama karibu ukae. Kisha akarudi, na badala ya kukaa mkekani akaja kusimama kando yangu, mahali pale pale kiti kilipokuwa, akaweka mkono begani kwangu. Alikuwa ananiangalia kama unavyoangalia maziwa jikoni yasije yakafurika.

Baada ya watu kutawanyika, mwalimu wa darasa lake aliniita kando. Ni binti mdogo tu, nilimshonea sare yake ya chuo, lakini siku ile nilisimama mbele yake kama mwanafunzi. Akaniambia kwamba zamani alishamuuliza mtoto, kwa upole, kama anadhani mama atakuja. Mtoto alimjibu kwamba mama hawezi kuja, mama tulimzika, yeye mwenyewe alitupa udongo. Mwalimu akamuuliza, sasa kiti unambebea nani? Akasema anambebea baba. Akasema siku ya kwanza pikipiki ilipopita, baba alirudi ndani akatoa kiti cha mama chini ya meza, akakifuta kwa kanga ya mama, akasema tusikisahau kesho. Akasema aliona kuwa baba anakihitaji, na baba hawezi kubeba viti viwili na pia kumshika yeye mkono barabarani.

Nilitaka kubisha. Nilitaka kumwambia mwalimu kwamba watoto hubuni mambo. Lakini nilipofungua mdomo nikaikumbuka kanga, na namna kitambaa chake kilivyokwama kwenye bawaba ya kile kiti, nikaitoa polepole isichanike. Mkono wangu ulikumbuka kabla yangu.

Sasa nikutolee yote, maana nikiacha kitu nyuma utakigundua tu. Ule moyo wa chuma niliosifiwa haukuwepo. Sikuruhusu tangazo liendelee kwa ajili ya paa. Niliruhusu kwa sababu Ijumaa zile ndizo siku nilizokuwa naishi. Tangu asubuhi nilikuwa siwezi kukata kitambaa, nikiogopa kukosea, masikio yote nje. Na yule mtu wa pikipiki nilimshonea suruali mbili bure, nikamwomba apite mtaa wetu kwenda na kurudi. Alidhani ni kwa faida ya shule. Ikipita na kuuliza imetosha, mimi nilijibu pale pale kwenye cherehani kwamba bado. Hata wateja walizoea, walidhani nasemea nguo zao. Na wakati huo wote mtoto alikuwa kwenye kigoda chake akinichunga, nami nakupigia simu kukwambia mtoto hajakubali kifo cha mama yake.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: mwanangu haji kukaa kwako. Likizo atakuja, umpikie umnenepeshe, lakini shule zikifunguliwa umrudishe. Aliyekuwa anaumwa ni mimi, na ungemchukua muuguzi ukamwacha mgonjwa.

Wiki hii nilikwenda kwa mwenyekiti nikamwambia nataka nirekodi mimi. Unaijua sauti yangu, dada, wewe ndiye uliyenipa jina la Uzi, na sauti nayo ni uzi ule ule. Nilirudia mpaka mtu wa pikipiki akaanza kupiga miayo. Mtoto alikuwa amekaa miguuni pangu, akawa ananifundisha: baba, usisome, ita, kama unamwita mtu aliye ng'ambo ya barabara na gari linapita. Mwishowe nikaita. Nimetaja na tarehe. Watalipia tena mkutano ujao, na walipie.

Leo ni Ijumaa. Nikiwa hapa hapa naandika, pikipiki imepita. Nimesikia mwanamume mwembamba anaomba watu waende na viti vyao, akikohoa katikati. Jirani amecheka hadi nimemsikia kupitia ukutani. Sijui kesho watakuja wangapi, huenda tukabaki mimi na mwenyekiti na nusu paa. Mtoto alikwenda mpaka mlangoni, lakini hakuangalia barabara. Alinigeukia mimi. Alipoona sikuinuka, alirudi kwenye hesabu zake.

Sasa chukua kile kitambaa cha buluu. Ndani yake kuna memori kadi, ndogo kama ukucha. Ndiyo sauti ya wifi yako, na haipo popote pengine. Mtu wa pikipiki amefuta yake mbele ya macho yangu, na alisita, maskini, akaniuliza mara mbili. Nimeishona pande zote nne kwa mishono midogo ili ijulikane ikifunguliwa. Sikuisikiliza kabla ya kuishona. Nilikaribia.

Iweke pamoja na vitu vyako vya thamani. Siku mwanangu atakapokuwa mkubwa akaiomba, mpe bila maswali, ni mali yake. Lakini mimi nikikupigia simu kusema nimebadili mawazo, kata. Nikimtuma mtu, mrudishe. Hata nikija mwenyewe, dada, hata nikisimama mlangoni kwako nalia, usinipe.

Msalimie shemeji na watoto wote, na yule jirani yako mwenye maneno mengi. Mtoto anakuamkia sana, anasema atakuja likizo na viatu vyake vizuri. Goti lako lipake mafuta ya moto usiku, usilidharau.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Uzi