Kikombe Kilichoondoka na Treni

Same, Jumanne jioni. Upepo umevuma tangu asubuhi, vumbi limeingia mpaka kwenye sukari. Kule juu mlimani Shengena kumefunga wingu zito, lakini huku chini hatujaona hata tone. Magoti yananiuma, na moyo nao umenuna.

Nimenuna kwa sababu ya chapati moja.

Mjukuu wangu Neema, ambaye ndiye aliyenifungulia ukurasa huu ili niache kumchosha kwa hadithi, leo amebandika kibao cha lipa namba kwenye kibanda chetu cha chai pale stendi. Mteja anabonyeza simu yake, yetu inalia, mambo yamekwisha. Kazi yangu mimi ni kukaa kwenye kiti cha mlangoni na kupokea pesa, na sijawahi kutaka kazi nyingine. Sasa asubuhi akashuka kijana mmoja kutoka kwenye basi la kwenda Dar, akajichukulia chapati kabatini, akang'ata kabla sijafungua mdomo. Nikamsubiri amalize. Mara honi ikapigwa. Akakimbia, akaning'inia mlangoni mwa basi, akanyanyua simu yake juu kunionyesha kwamba atatuma. Neema alikuwa ndani anakaanga. Alipotoka akaniuliza kwa nini sikumdai.

Nikamjibu kwamba alikuwa anatafuna.

Akaniangalia, kisha akasema kwa upole, na huo upole ndio ulioniuma: "Bibi, kwa mwendo huu itabidi upumzike nyumbani."

Nilicheka, naye akadhani nimekubali. Masikini, hakujua kwamba maneno hayo nilikwishaambiwa zamani, hapa hapa Same, na kwa kosa lile lile.

Ilikuwa enzi za Mwingereza. Mimi Namsifu nilikuwa binti mbichi kutoka Chome, kule mlimani, nimeteremka kwa miguu na viatu mkononi ili nisivichakaze njiani. Mama aliuza mbuzi wake ili nipate viatu hivyo. Shangazi Nakijwa, dada yake baba, alikuwa na hoteli ndogo ya chai jirani na stesheni, na alitaka mtu wa kupeleka chai madirishani treni inaposimama. Wenzangu wote Chome niliwaaga kwa maringo. Niliwaambia naenda kushika pesa za watu wa treni ya Tanga.

Na kweli nilizishika. Jamani, zile senti! Senti kumi na senti tano zilikuwa na tundu katikati, na pembe mbili za ndovu zimezunguka tundu. Shangazi alinifundisha kuzitunga kwenye uzi wa katani, nikajifunga kiunoni, senti kumi upande huu na tano upande ule. Mteja akinipa sumuni yake, senti hamsini nzima, nachomoa chenji kwenye uzi bila hata kutazama. Nikitembea nalia kiunoni, na nilipenda kusikika. Leo pesa inapita hewani, sisikii kitu na sigusi mkono wa mtu.

Ile mikono ndiyo ninayoikumbuka kuliko vyote. Mikono ya manamba, vibarua wa mashamba ya mkonge, imechanikachanika. Mikono ya akina mama wa Kigweno wanaotoa senti kwenye pindo la kanga, wanafungua fundo kwa meno. Nilikuwa nimesimama chini, wao wako juu dirishani, vidole vinakutana kwenye senti ya moto iliyolala mfukoni tangu Korogwe. Nilijiona nimefika mjini hasa.

Ila nilikuwa na ugonjwa mmoja. Kwetu, mgeni akishapewa makande, hakuna anayemuuliza neno mpaka anawe mikono. Hata habari za safari zinangoja. Kumdai mtu pesa na chakula kiko mdomoni, hilo mama yangu angelisikia angejifunika kanga usoni. Basi mimi nampa abiria chai na andazi, halafu nageuka pembeni nisimtazame mdomo, nasubiri ameze. Treni haijui desturi za Chome. Gadi anapuliza filimbi, magurudumu yanaanza, na mimi bado nasubiri mtu ameze.

Maandazi yalipotea hivyo, kisha kikombe kimoja cha bati. Shangazi hakuwa mtu wa kelele. Aliniambia tu kwamba kikipotea kingine, narudi Chome pamoja na wanawake watakaokuja sokoni Jumamosi.

Hapo ndipo usingizi uliponiisha. Si kwamba Chome ni kubaya, pana maji na hewa nzuri kuliko huku. Lakini nirudi vipi? Viatu bado vipya, mbuzi wa mama amekwenda, na wenzangu wananingoja niwasimulie habari za Tanga. Nilijiapiza kwamba anayefuata nitamdai hata kama anasongwa.

Anayefuata akawa mzee mmoja, koti limekatika kola, amekaa dirishani kwenye behewa la daraja la tatu. Alipokea chai kwa mikono miwili, akanishukuru. Akachovya andazi, akatia mdomoni, akafumba macho. Nikafungua kinywa nimdai. Shangazi alikuwa amesimama mlangoni kwake ananitazama, na mimi nilijua ananitazama. Lakini yule mzee alikuwa anakula kwa raha, kama mtu aliyefika kwake. Nikafunga kinywa changu, nikageuka pembeni.

Filimbi ikalia.

Nilikimbia kando ya behewa mpaka changarawe zikaisha. Mzee alitoa nusu ya mwili nje, kikombe mkono mmoja, mwingine unapekua koti, anasema kitu ambacho upepo huu huu wa Same uliniibia. Nikabaki nimesimama relini, senti zinalia kiunoni. Nilirudi polepole. Shangazi hakunigombeza. Alisema, "Namsifu, funga vitu vyako mapema, Jumamosi wale wanawake hawamngoji mtu."

Siku zilizofuata nilipeleka chai madirishani huku nikiaga kimoyomoyo. Nililia, sifichi. Nilizililia zile senti, na vumbi, na hata harufu ya makaa ya treni.

Jumamosi treni ya kutoka Moshi ikaingia nikiwa nimeshajitwika mzigo wangu, wanawake wa Chome wanafungasha chumvi zao. Gadi akashuka, akauliza nani ni binti wa chai. Mkononi ana kitu kimefungwa kwa jani la mgomba. Akaeleza kwamba watu wa kahawa wamekiteremsha kutoka milima ya Ugweno mpaka stesheni ya huko, wakamkabidhi yeye, naye ameambiwa akifikishe Same kwa binti aliyegeuka pembeni mzee akila.

Shangazi ndiye aliyefungua. Kikombe chetu. Ndani mna senti za chai na za andazi, zimetungwa kwenye uzi wa mgomba, hazijazidi wala kupungua. Shangazi hakuzihesabu kwanza. Alikinusa kikombe, akapitisha kidole ndani, akakigeuza kwenye mwanga. Kilikuwa kinang'aa kuliko vile tulivyokuwa navyo sisi wenyewe.

"Kimesuguliwa kwa majivu," akasema. "Kuna mwanamke huko Ugweno amekiosha kikombe changu."

Wanawake wa Chome wakaniita, mwenzetu, jua linapanda. Nikamwangalia Shangazi, na yeye akawa anaangalia kikombe.

"Tua mzigo," akaniambia. "Maji yamechemka na treni imejaa watu."

Nikatua. Nilikaa Same, nikaolewa Same, nikazeekea Same, na hiki kibanda cha stendi kilianzia kwenye hoteli ile. Tangu siku hiyo nilijifunza kumdai mteja kabla andazi halijafika mdomoni, salamu na bei kwa pumzi moja: shikamoo baba ni senti kumi. Watu walinicheka sana. Lakini aliyeniwahi akang'ata, huyo namwacha mpaka ameze, na Shangazi hakunigusia tena jambo hilo mpaka tulipomzika.

Sasa giza linaingia. Simu ya kibanda nimeiomba nikae nayo leo, nimeiweka hapa mezani. Yule wa chapati hajatuma. Neema amepita mara kwa mara akijifanya anatafuta chaja, na najua anachotazama. Sijamwambia kitu. Dar ni mbali, labda bado hajanawa mikono.

Naogopa kukaa nyumbani. Neno hilo nimeliandika, nimeona nisilifute. Naogopa siku nzima bila mtu wa kunyoosha mkono kwangu, hata kama ananyoosha simu.

Kesho nitaamka kabla ya Neema na kuwasha jiko mimi. Atakapofika anikute kwenye kiti changu cha mlangoni, maji yamechemka.