Mifupa ya Koseti Yako, Editha

Mpwa wangu Editha,

Mwakeye, nakusalimu ingawa najua huitiki.

Cherehani yako bado iko dirishani, kibandani kwetu hapa Kibondo. Nimeifunika kwa kanga, hakuna anayeigusa. Tangu tulipokutoa hospitali ya Kabanga tukakulaza kaburini Nyabibuye, mabibi harusi hawajaacha kuja kuulizia gauni la koseti, lile linalobana kiuno.

Kosa nililianzia msibani. Mama mmoja aliuliza nani atawashonea sasa. Nikamjibu, udongo wako haujakauka, "Kwani yeye alifundishwa na nani?" Mama yako alisikia, akaendelea kugawa chai.

Nilikufundisha kupinda suruali, basi. Koseti ulijifundisha mwenyewe, kwa ile ya mtumba uliyonunua Kasulu ukaifumua kipande kwa kipande. Mimi nikaiita tenga la kuku. Nikawasimulia wateja jinsi nilivyomkatia padre kanzu kwa kumwona mara moja tu akipita na baiskeli, tena mvua inanyesha, ikamkaa kama ngozi. Ulicheka mpaka ukashika meza. Kisha ukasema, "Mjomba, sogea basi uone. Hii haishonwi kwa macho."

Sikusogea.

Akaja mwalimu mmoja, mgeni wa Tanga, anataka koseti ya sherehe ya kuagwa kabla ya ndoa, hapa hapa Kibondo. Nikamwambia amefika kwa fundi mwenyewe. Nilikata mifupa ya koseti kutoka kwenye ile mikanda ya plastiki ya kufungia mabalo ya mitumba, kama ulivyokuwa ukifanya, nikaichonga ncha kama mishale ipenye upesi kwenye vijia vilivyoshonwa ndani ya bitana. Nikaisukuma mpaka mwisho. Nikakaza kamba mgongoni, kiuno kikawa cha nyigu. Nilijisifu mtaa mzima.

Siku ya sherehe, ukumbini, aliinama kumlisha baba yake keki. Ncha tatu zikatoboa bitana, zikamchoma chini ya ziwa. Gauni jeupe, Editha. Damu ilionekana mpaka viti vya nyuma.

Wakaniuliza. Nami, mjomba wako, mdomo huu huu, nikasema: "Hiyo aliiacha marehemu, mimi nimemalizia tu."

Wakaamini. Sasa sokoni wanasema kumbe kazi yako ilikuwa ya kubabaisha. Wapo waliotoa magauni uliyowashonea, wanayakagua.

Juzi mama yako alikuja na kile kikopo chako cha maziwa. Ndani mna kipande cha mshumaa na mikanda uliyokwisha kuitayarisha. Aliniwekea mmoja kiganjani, akasema, "Pitisha kidole." Akaondoka.

Nikapitisha. Kila ncha umeiyeyusha kwa moto ikawa mviringo, laini kama ukucha wa mtoto. Nikaupima kwenye kijia, ni mfupi kuliko njia kwa upana wa kidole. Hapo ndipo nilipokumbuka ulichoniambia nikiwa nimekupa mgongo: "Mfupa ukijaa njia yote, Mjomba, mtu akiinama utatafuta pa kutokea."

Ulinifundisha. Mimi ndiye sikujifunza.

Jumapili nakwenda kwa yule mwalimu, na wale akina mama uliowashonea nimewaomba wawepo. Kikopo nitakibeba. Nitaanza na padre, maana hilo ni jepesi: hakuna padre niliyemshonea kanzu, wala hakukuwa na mvua. Kisha nitataja ni nani aliyelishona lile gauni.

Wakikicheka kibanda, wacheke. Kwenye cherehani yako sitaketi nikajiita fundi wa koseti.

Lala, mwanangu.

Mjomba wako