Uraka wa Krismasi Naliendele

Mtwara, Jumapili

Dada Anna,

Natumaini huko Marangu hamjambo na mbege ya ndizi haijaisha. Sikukuu nimeila Naliendele, kwa mama yake Kosme, yule mwenzangu wa bandarini. Huku msimu huu wanakunywa uraka, pombe ya mabibo ya mikorosho. Ni tamu, ila inakwaruza koo. Mchana tulicheza karata, kisha nikajitia kumsaidia mama kukamua mabibo. Nilipobana kwa nguvu, maji yakaniruka usoni na kwenye shati jeupe ulilonishonea. Nisamehe, dada, doa la bibo halitoki.

"Mchaga kashindwa na bibo!" mama akasema, akacheka mpaka akaketi chini.

Kosme akaweka kikombe, akaenda nyuma ya nyumba. Nilimfuata nikamkuta analia.

"Tangu vita vimuue baba tukavuka Ruvuma," akaniambia, "sijamsikia mama akicheka mpaka leo."

Nilikaa naye mpaka akanyamaza. Tuliporudi, mama alinipa bibo jingine, akasema, "Kamua tena, mwanangu, nikuone."

Mwambie mama yetu nimekula vizuri, na nyote nawapenda.

Mdogo wako,
Elia