Kizibo cha Bati

Baba yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kifua kimeacha kukubana. Mama naye yu hali gani? Bado anakugombeza ukikaa kutwa nzima ukitazama ukuta? Mpe salamu zangu nyingi. Huku kwetu ni wazima. Mchumba wako, yaani binti yangu, ameng'oka meno mawili ya mbele na amesema hutamwona mpaka yaote.

Wiki mbili zilizopita mteja kutoka kiwanda cha sabuni aliniletea karakanani kizibo cha boila nikijaze bati upya. Nilipokishika tu, nikakitambua. Ni parafujo nene kama ile ya kwenu kwenye kiwanda cha kufulia, yenye tundu lililojazwa bati. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba maji yakipungua bati lile huyeyuka, mvuke ukafoka na kuuzima moto kabla boila haijapasuka.

Siku hizi silitumii bati bila kulipima. Bati safi huyeyuka kwenye nyuzi mia mbili thelathini na mbili. Risasi, ile metali nzito, inataka zaidi ya mia tatu. Lakini ukizichanganya, ajabu, zinaanza kulegea kwenye mia na themanini na kitu, kabla ya zote mbili. Na maji ya boila yenu, kwa kuwa yalibanwa, hayakuchemka kwa nyuzi mia kama ya sufuria. Yalifika mia na sabini. Kwa hiyo bati lenye risasi lingeweza kutusumbua hata maji yakiwa yamejaa.

Sasa kaa kitako, Baba. Mwaka ule wa ajali kizibo kiliyeyuka mara mbili ndani ya mwezi mmoja. Mara zote mbili uliniita nikijaze upya, ukaniambia kioo cha kupimia maji kinaonyesha nusu, sasa hiki kizibo kina wazimu gani? Kazi ilisimama, mashuka ya hospitali yakarundikana mpaka mlangoni, meneja akatutukana kama watoto. Nami, kwa kiburi cha mtu aliyesoma kozi ya miezi mitatu, nikasema bati letu limechanganyika na risasi, basi. Ukaniamini. Ulikuwa ukijivuna kwa watu kwamba mwanao anavijua vyuma.

Siku kumi baadaye, mchana kweupe, boila ilipasuka ikamuua rafiki yako mtia makaa. Wachunguzi wakasema ulisinzia baada ya kula, maji yakaisha. Ulisema mara ngapi kwamba macho yako yalikuwa kwenye kioo na maji yalikuwepo! Hakuna aliyekusikiliza. Mwaka wa pili ukaacha kubisha. Mwaka wa tatu ukaenda kwa mjane, ukapiga magoti, ukamwomba msamaha kwa kulala kazini. Mimi ndiye niliyekusindikiza. 

Kwenye sanduku la chuma chakavu nilikuwa bado na kipande cha bati lile lile tulilojazia vizibo vyako. Nikakitia kwenye kikombe cha chuma pamoja na kipimajoto, nikawasha moto mdogo. Mia na themanini ikapita, hakikulegea. Mia mbili ikapita. Nilikuwa nasali, Baba, nasali kiwe kichafu. Ilipofika mia mbili thelathini na mbili kikayeyuka chote kwa pamoja. Bati safi. Basi mara zile mbili maji yalikuwa yamekwisha kweli, na kioo ndicho kilichotudanganya. Koki ya kukisafishia ilikuwa imevunjika, uliiandikia ofisi mara tatu. Ukoko wa chokaa ukaziba bomba la chini, maji ya kwenye kioo yakabaki pale pale hata boila ilipokauka.

Utaniuliza kwa nini kizibo hakikuyeyuka mara ya tatu. Wachunguzi walikuuliza wewe swali hilo, nami nimekaa kiti cha nyuma yako. Nilikijaza shaba, Baba. Nilichoka kutukanwa, nikataka kizibo kisichonisumbua tena. Shaba haiyeyuki mpaka nyuzi elfu na zaidi. Juu nikaipaka bati ili usitambue, nikakuambia ni bati jipya. Baada ya mlipuko nilikiokota kwenye kifusi kabla wachunguzi hawajafika, nikakitupa kwenye tope la mtaro. Miaka saba nimejifariji kwamba hata hivyo ulilala, kwamba kosa tumegawana. Sasa sina hata hicho cha kushika.

Juzi nilikwenda kwa mjane nikamweleza yote. Alisikiliza huku akikunja nguo mpaka zikaisha. Kisha akaniuliza kama wewe umeshajua. Nikasema bado. Akaning'akia: mzee wa watu amelala miaka yote hii na maiti isiyo yake, nami nimekuja kwake kwanza kutafuta nini? Akanitoa nje. Ameniagiza nikuambie uende ukamwone, safari hii yeye ndiye mwenye kuomba radhi.

Jumatatu nakwenda kwa wachunguzi na maelezo yangu yakiwa na sahihi. Wakinifunga, na wanifunge. Sikuombi msamaha kwa karatasi. Hilo nitalijia kwa miguu yangu, ukinifungulia mlango. Msomee Mama yote, usiruke mahali. Mkeo alilala miaka saba kando ya mtu aliyedhani ni muuaji, naye anastahili kusikia.

Ulikuwa macho, Baba. Mpaka dakika ile ya mwisho ulikuwa macho.

Ni mimi,
mwanao mkubwa.