Siku Tatu Bila Simu

Jumatatu, 3 Juni

Mtihani wa marudio wa hesabu za dozi ni Ijumaa, saa tatu asubuhi. Nimelisoma tangazo ubaoni kwa macho yangu. Nikifeli tena nafungasha virago, na mwaka mzima wa famasia umekwenda na maji. Na baba kule nyumbani ameshawatangazia majirani wote kwamba bintiye ni mfamasia!

Leo nimekaa mezani tangu mchana. Maswali niliyofanya — mawili. Mawili! Shangazi kanitumia picha ya maua kwenye simu, ananitakia wiki njema. Kundi la darasa lina jumbe mia na ushee, zote porojo: nani kaonekana na nani, mwalimu gani kavaa nini. Nasema nitazame dakika moja tu, nusu saa imekatika. Nimejichukia. Mtu mzima natawaliwa na kidude cha kiganjani!

Jumanne, 4 Juni

Basi. Simu nimemkabidhi Redio, mwenzangu wa chumba. Anasomea ushonaji, na jina hilo hakulipata bure — hana swichi ya kuzimia. Kaifungia sandukuni mwake mbele yangu. Masharti nimempa: atakayepiga, aambiwe nasoma. Na mimi nisiletewe habari yoyote hadi Ijumaa mchana, hata nikilia. Kaapa kwa mama yake mzazi.

Vidole vinaniwasha. Nimepapasa chini ya mto mara nne, kama mwehu.

Jumatano, 5 Juni

Maktaba tangu ilipofunguliwa. Meza ya jirani wawili wananong'ona habari za viatu. Viatu! Nikawatazama vibaya, wakahamia meza ya pili na kuendelea palepale walipoishia. Mwingine anamenya karanga, maganda anayapuliza upande wangu. Hivi watu hawa waliletwa chuoni na nani? Lakini leo hawaniwezi. Maswali thelathini na moja! Mpaka yale ya matone ya dripu kwa dakika, yaliyoniangusha mara ya kwanza, sasa nayafanya bila kutazama majibu.

Jioni Redio kafungua mdomo, ana jambo. Nikamnyooshea kidole: masharti! Kaufunga. Kajaribu tena wakati wa kula, nikaziba masikio. Nimefurahi sana. Hakuna aliyewahi kumnyamazisha Redio.

Alhamisi, 6 Juni



Saa tano nipo maktaba, kaingia kiongozi wa darasa. Kumbe upo, kasema. Mbona hukuja kwenye mtihani? Nikacheka. Nilidhani ananitania! Yeye hakucheka.

Wamefanya leo. Saa mbili hadi saa nne. Ukumbi unatakiwa kesho kwa kikao cha wageni, kwa hiyo mtihani ukasogezwa, na tangazo likatolewa juzi jioni — kwenye kundi! Kwenye lile lile kundi la porojo, katikati ya nani kaonekana na nani! Nimekwenda mbio hadi ubaoni. Karatasi bado ipo. Ijumaa, saa tatu, na mhuri juu yake. Hakuna aliyejisumbua hata kuipiga mstari!

Kiongozi anasema alinipigia mara tatu. Mara zote Redio alimjibu kwamba nasoma, nisisumbuliwe. Hata alipomweleza kuhusu mtihani, Redio kamwambia atajaribu, ila mwenyewe ni mkali.

Nikamfuata Redio kwenye cherehani yake. Nimempigia kelele mbele ya darasa lake zima. Naye analia, sindano iko mdomoni. "Si wewe uliyesema hata ukilia? Jana nimetaka kukwambia mara mbili, ukaziba masikio!"

Kweli, niliziba. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Alhamisi, mchana

Nje ya ofisi ya mkuu wa idara, kwenye benchi. Sekretari kanipa fomu. Sababu ya kutohudhuria: ugonjwa, msiba, nyinginezo. Weka alama. Nikamweleza yote. Kasikiliza vizuri, kisha kainama akanong'ona: "Mwanangu, weka ugonjwa. Cheti tutakitafuta. Hiyo nyinginezo hapiti mtu."

Ugonjwa! Siku tatu hizi nimekuwa mzima wa akili kuliko wakati wowote. Wanaoumwa kwa kalamu wanarudishiwa mtihani, mimi niliyekesha na vitabu nidanganye ndipo nihurumiwe? Na baba je, nimwambie nini nikirudi na begi? Kwa muda nilishika kalamu juu ya kile kisanduku cha kwanza. Niliishika hasa.

Nimeweka nyinginezo. Kwenye mstari nimeandika: Nilikuwa maktaba, nasoma.

Sekretari kasoma, kanitazama juu ya miwani, kaingia nayo ndani. Sasa namsikia mkuu anacheka. Anacheka! Anamsomea mtu mwingine kwa sauti, naye anacheka. Masikio yananiwaka moto.

Kiti kinasogezwa. Mlango unafunguka, mkuu mwenyewe.

"Haya, yuko wapi huyo msomaji?"